Kuiambia Diski

Kompyuta ya ghala la karafuu, Wete,
ilikuwa imezeeka kabla ya umri wake.
Bi Mkasi anabonyeza jina la mkulima,
anamimina chai, anaipuliza, anakunywa nusu,
ndipo jina linapotokea.
Nje magunia, jua la vuli, foleni,
na mtu mmoja anasema: "Hiyo mashine ina shetani."
Haina shetani. Nimeifungua mara tatu.

Mwaka juzi niliitoa diski ya kuzunguka,
iliyokuwa ikikoroma kama mwenye pumu,
nikatia hii: nyembamba, kimya,
haina sahani wala sindano,
vijumba tu, mabilioni kwa mabilioni,
kila kijumba na idadi yake ya kuandikwa.
Ikitimia, basi.
Juu yake nikaweka Linuksi, kwa kuwa ni ya bure
na kwa kuwa inaniruhusu kuuliza.

Nikauliza.
Imejaa asilimia tisini na saba.
Hesabu za msimu uliopita, nakala nne.
Harusi ya mtu nisiyemjua.
Filamu za kijana wa mizani, naye huyo, anatazama viatu vyake.
Nikamwambia: hata jamvi la karafuu
hulijazi hadi ukingoni,
utageuzia wapi?

Tukafuta. Lakini kuna jambo
watu hawaliamini ninapowaeleza:
ukifuta, hujafuta.
Mfumo unalikata jina daftarini,
diski haijaambiwa.
Inaendelea kukitunza usichokitaka,
inakihamisha chumba hadi chumba,
inachakaa kwa mizigo isiyo na mwenyewe.
Sharti mtu aiambie:
hiki si chetu tena. Na hiki. Na hiki.
Kazi hiyo nilipaswa kuipangia zamu tangu siku ya kwanza.
Nilisahau. Kosa langu, sikulitangaza.

Fstrim. Herufi sita.
Ikakaa kimya kidogo, kama mtu anayehesabu noti,
ikajibu: gigabaiti tisini na moja zimeachiliwa.
Bi Mkasi akabonyeza.
Jina likaja kabla mkono haujafika kikombeni,
na foleni ikacheka.

Baada ya alasiri, dirisha limefungwa,
akawa anapanga kalamu zisizohitaji kupangwa.
"Raya. Vitu nilivyovifuta wiki ile ya mvua,
vinaweza kurudi?"

Sauti, akasema. Za Rajabu, kaka yake,
alizomtumia kwa simu, naye akaziweka humu zisipotee,
mpaka siku waliyogombea mikarafuu tisa ya mama yao.
Alizikusanya zote, akazitupa,
na pipa akalimwaga.

Asubuhi ningeweza kujaribu.
Asubuhi pengine zilikuwemo bado,
hazina jina, hazina anwani, lakini zimo:
Rajabu akikohoa, Rajabu akiuliza bei ya mchele.
Mimi ndiye niliyeiambia diski.
Sikumuuliza mtu kwanza.
Nani huuliza, mashine ikiwa nzito
na watu wako juani?

Nilimwambia kweli. Akasema, "Alaa,"
neno dogo, akaliweka mezani pamoja na kalamu.

Nikakunja waya wangu, nikaukunjua, nikaukunja.
"Bi Mkasi, iliyopotea ni nakala.
Sauti yenyewe iko Mtambwe,
saa hizi labda inakunywa chai."
Alinitazama kama niliyemtania msibani.

Zamu sasa nimeipanga: kila Jumatatu ikiingia,
saa sita ya usiku, ghala tupu,
itapita kijumba kwa kijumba ikiachilia.
Haitamwamsha mtu.

Bi Mkasi akachukua mkoba wake.
Akauweka chini.
Akauliza kama gari la mwisho la Mtambwe limeshaondoka,
na kabla sijajibu
akauchukua tena.